Desa lililochacha: kujiandaa na maswali ya habari za taifa kwenye usaili wa serikali

Kila tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka, magrupu ya WhatsApp na Telegram hujaa desa lile lile, yaani faili la kujisomea: maswali mia kadhaa ya ufahamu wa jumla, majibu chini yake, jina la aliyeandaa halipo na tarehe haipo. Fungua. Waziri Mkuu ni Kassim Majaliwa. Tume ya uchaguzi inaitwa NEC. Majimbo ya uchaguzi ni 264. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi sita. Kila jibu hapo lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa, na ndiyo sababu linadanganya vizuri: hakuna anayelistukia, kwa kuwa halina sura ya uongo. Limechacha tu, kama wali wa jana uliofunikwa.

Wasailiwa wanaoangushwa na maswali ya habari za taifa si wavivu. Wengi wao wamekesha. Walichokosa ni tarehe pembeni ya kila walichosoma, na bila hiyo tarehe huwezi kujua kama unachokariri ni elimu au ni kumbukumbu ya serikali iliyopita.

Kwanza tuelewane maswali haya yanakujia wapi. Ajira nyingi za serikali na taasisi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichopo chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Ukishaomba kupitia Ajira Portal, mfumo wake wa maombi mtandaoni, na jina likatoka, kuna usaili wa mchujo, kisha kwa kada kama udereva au uandishi mwendesha ofisi kuna usaili wa vitendo, halafu mahojiano mbele ya jopo. Kwenye mchujo, maswali ya taifa huja yamechanganywa na ya taaluma, mengi ya kuchagua jibu. Kwenye mahojiano hayaji wazi. Jopo halikuulizi Dira ya Taifa ilizinduliwa lini. Linakuuliza wewe kama mtendaji wa kijiji utaisaidiaje kutekelezwa. Mtu aliyekariri tarehe peke yake hukwama hapo, na aliyesoma maelezo matupu bila tarehe alishakwama kwenye mchujo.

Muda nao ni mfupi. Kati ya tangazo la kuitwa na siku ya usaili huwa ni siku chache. Asiyeanza siku anayotuma maombi atajikuta anameza faili la grupu usiku mmoja.

Sasa, njia inayofanya kazi ni kuyagawa mambo kwa umri wake, si kwa mada. Madesa mengi yamegawanywa kwa mada: historia, siasa, uchumi, michezo. Mgawanyo huo unapendeza machoni lakini haukwambii nini cha kuhakiki kesho asubuhi na nini cha kuacha.

Yapo yasiyobadilika, au yanayobadilika mara moja katika kizazi. Uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ya Zanzibar ya 1984. Mambo ya Muungano 22 yaliyoorodheshwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, ambayo mwaka 1964 yalianza yakiwa 11. Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi kumi. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, na uteuzi wake huthibitishwa na Bunge. Haya yasome mara moja, vizuri, kwa kalamu ya wino, na usiyarudie kila siku kana kwamba yatakimbia. Pa kuangalia ni penye pacha, mambo mawili yanayofanana. Makamu wa Rais wa Muungano ni mmoja, lakini Zanzibar ina wawili, wa Kwanza na wa Pili. Chombo cha kutunga sheria Zanzibar ni Baraza la Wawakilishi, siyo Bunge. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Elimu ya msingi siyo. Mtunga swali anapenda sana sehemu hizi kwa sababu wasailiwa wa Bara huzisoma juu juu.

Yapo yenye umri wa kati, ya miaka mitano hadi kumi na zaidi. Hapa ndipo alama nyingi zilipo, na ndipo desa huchacha bila mtu kusikia harufu. Chukua sensa. Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Kasi ya ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Sensa ya 2012 ilikuwa na watu 44,928,923 na kasi ya asilimia 2.7. Tarakimu zote hizi zikiwa kwenye swali moja la kuchagua, asiye na tarehe pembeni atachagua anayoikumbuka zaidi, na mara nyingi ni ya zamani kwa kuwa ndiyo aliyosomea shuleni. Ongeza machache yanayoulizika: sensa ya 2022 ni ya sita tangu Muungano, baada ya 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012; Dar es Salaam inaongoza kwa watu 5,383,728, ikifuatiwa na Mwanza; na kwa Bara mkoa wenye watu wachache kuliko yote ni Njombe. Hapo pia ujue kutofautisha idadi ya watu na kasi ya ongezeko. Maneno hayo mawili yamewaponza watu wanaojua tarakimu zote.

Kundi hili hili lina Dira na mipango. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma 17 Julai 2025, ikipokea kijiti cha Dira 2025. Inalenga pato la taifa la dola trilioni 1 na wastani wa pato la mtu mmoja la dola 7,000 kwa mwaka ifikapo 2050. Mtego wake ni kwamba Zanzibar ina Dira yake ya Maendeleo, nayo inaitwa 2050, na ilitangulia, mwaka 2020. Swali likisema Dira 2050 bila kutaja ya nani, soma sentensi nzima kabla hujaweka alama. Mpango wa Tatu wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulikuwa wa 2021/22 hadi 2025/26. Anayesoma desa linalouita mpango wa sasa bila kutazama kalenda ajiulize tena.

Idadi ya majimbo ilifika 272 kwa ajili ya uchaguzi wa Oktoba 2025, baada ya mengine manane kuongezwa juu ya 264. Majiji ni sita: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Mikoa ni 31, ya Bara 26 na ya Zanzibar 5, na wa mwisho kuanzishwa ni Songwe, mwaka 2016. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane: baada ya Kenya, Uganda na Tanzania, zikaja Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia iliyokamilisha uanachama Machi 2024. Ukiona desa linasema sita au saba, umeshajua lilipikwa lini. Na usilitupe kwa hasira: sasa unajua umri wake, kwa hiyo unajua pia majibu mengine mangapi ndani yake ya kutilia shaka.

Kisha yapo ya haraka: majina ya viongozi, riba, mfumuko wa bei, bajeti ya mwaka, miradi inayokamilika. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025 karibu safu yote ya juu iliyokuwa kwenye madesa ilibadilika. Makamu wa Rais akawa Dkt. Emmanuel Nchimbi badala ya Dkt. Philip Mpango, Waziri Mkuu Dkt. Mwigulu Nchemba badala ya Kassim Majaliwa aliyekaa tangu 2015. Spika Mussa Azzan Zungu badala ya Dkt. Tulia Ackson, na Bunge lenyewe likawa la 13. Jaji Mkuu alikuwa ameshabadilika kabla, Juni 2025, alipoapishwa George Masaju kumrithi Prof. Ibrahim Juma. Majina haya yako hapa kuonyesha ukubwa wa mabadiliko ndani ya miezi michache. Siku unayosoma, yahakiki, maana kundi hili halimngoji mtu.

Mfano mzuri kuliko yote wa swali la haraka ni huu: Mtanzania gani ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika? Dkt. Faustine Ndugulile alichaguliwa Agosti 2024, akafariki Novemba mwaka huo kabla ya kuanza kazi. Mei 2025 akapatikana Mtanzania mwingine, Prof. Mohamed Janabi. Desa la Septemba 2024 lina jina moja, la Juni 2025 lina jingine, na swali ni lile lile neno kwa neno. Msailiwa aliyeandika "Ndugulile, Agosti 2024" ana nafasi ya kushtuka. Aliyeandika "Ndugulile" tu hana.

Kwenye uchumi, shika vitu vichache kwa undani kuliko vingi kwa juu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Bajeti ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39, ya 2024/25 trilioni 49.35, ya 2025/26 trilioni 56.49. Ukizijua tatu mfululizo, hata swali la kulinganisha utalimudu, na inapokuja ya mwaka unaofuata unaiongeza mwishoni tu. Benki Kuu ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kama chombo cha sera ya fedha Januari 2024, ikaanzia asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka, kwa hiyo mara nne kwa mwaka kuna uwezekano wa jibu kubadilika. Lengo la mfumuko wa bei ni kati ya asilimia 3 na 5. Watu wengi huchanganya riba hii, ambayo ni ya Benki Kuu na mabenki, na ile wanayotozwa na benki zao kwenye mkopo. Jopo la kada za fedha linalijua hilo na halichelewi kukuchimba.

Kuna tarakimu zenye majibu mawili, yote sahihi, na hizi zinahitaji adabu ya pekee. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ina kilomita 300. Pia ina kilomita 205. Ya kwanza ni jumla ya reli iliyotandazwa, ya pili ni njia kuu, na tofauti ya kilomita 95 ni njia za kupishania treni na za stesheni. Morogoro hadi Makutupora vivyo hivyo: 422 kwa jumla, 336 njia kuu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, lakini zilizo ndani ya ardhi ya Tanzania ni 1,147. Kwenye daftari usiandike tarakimu moja. Andika zote mbili na neno linalozitofautisha, kwa sababu swali litataja neno hilo.

Taasisi zilizobadilishwa majina au kugawanywa nazo zina ukurasa wake. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, INEC, kwa sheria ya 2024. SUMATRA haipo: usafiri wa ardhini ulikwenda LATRA, wa majini TASAC. TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na kazi ya usalama wa chakula ikahamia TBS, shirika la viwango. Mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF; watumishi wa umma wako huko, na sekta binafsi iko NSSF. TANROADS inashughulika na barabara kuu na za mikoa, TARURA na za vijijini na mijini. Upimaji wa utendaji wa mtumishi uliokuwa ukiitwa OPRAS sasa unafanyika kwenye mfumo wa PEPMIS, na kwa anayeomba kazi serikalini kutaja OPRAS mbele ya jopo kana kwamba ndiyo inayotumika ni aibu ndogo isiyo ya lazima. Vifupisho hivi vijue kwa lugha zote mbili. Kuna anayejua TAKUKURU, chombo cha kupambana na rushwa, herufi kwa herufi lakini akikutana na PCCB kwenye karatasi ya Kiingereza anadhani ni chombo kingine.

Daftari. Nunua kaunta buku moja, kwaya mbili inatosha. Ukurasa wa kulia gawanya safu tano: jambo, jibu, tangu lini, limetangazwa na nani, nihakiki lini. Ukurasa wa kushoto uache wazi kwa ajili ya mabadiliko. Mambo ya polepole yaandike kwa wino, ya haraka kwa penseli. Jibu likibadilika, usilifute. Lipige mstari mmoja unaosomeka na uandike jipya pembeni, kwa sababu jibu la zamani halijafa: litarudi kama chaguo la kupotosha kwenye swali lile lile, au kama swali jipya, "nani alimtangulia". Safu ya nne ndiyo watu huiruka kwa kuona ni mapambo. Ukiandika "grupu" pale, umekiri mwenyewe kwamba hujahakiki.

Wa kuandikwa kwenye safu hiyo ni wachache. Uteuzi na utenguzi hutoka kwenye taarifa ya Ikulu. Tarakimu za watu na mfumuko wa bei ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Riba ni ya Benki Kuu. Bajeti ni ya hotuba ya Waziri wa Fedha bungeni, na siku hiyo hiyo ya Juni husomwa pia Kitabu cha Hali ya Uchumi. Sheria ni Gazeti la Serikali. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inakuonyesha jambo lipo. Tarakimu uichukue kwa mwenye nayo. Mtangazaji akisema "zaidi ya trilioni 56" amesema kweli, ila chaguo la B litasema 56.49 na la C 56.94.

Kalenda ya mwaka inasaidia kujua lini daftari litatikisika. Mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhi ripoti kwa Rais, na Aprili ikawekwa bungeni. Aprili hadi Juni ni Bunge la Bajeti: kila wizara inasoma hotuba yake, na hotuba ya wizara yenye kada yako ndiyo nyaraka moja yenye faida kuliko madesa yote uliyonayo, maana imetaja mafanikio, changamoto na vipaumbele kwa maneno ambayo jopo lenyewe linatumia. Mei Mosi huja na habari za mishahara. Ya 2025, iliyofanyika Singida, ilitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1. Alhamisi moja ya katikati ya Juni ni bajeti kuu. Julai Mosi sheria ya fedha inaanza kutumika, na majibu kadhaa ya kodi hubadilika usiku mmoja.

Namna ya kuligeuza tukio kuwa maswali ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo inayotofautisha kusoma habari na kujiandaa. Chukua Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa 19 Juni 2025. Linakatiza maji gani? Ziwa Victoria, Ghuba ya Mwanza. Linaunganisha wilaya zipi? Misungwi na Sengerema. Urefu? Kilomita 3. Kabla yake watu walivukaje? Kwa kivuko. Liko mkoa gani? Mwanza, pande zote mbili, na hapa wengi hujibu Mwanza na Geita kwa kuwa barabara ndiyo wanayopita kwenda Geita. Swali hilo la mwisho hulipati kwa kusoma habari mara mbili. Unalipata kwa kujiuliza mtu angekosea wapi.

Kikundi cha kujisomea kiwe na watu wanne, kisizidi sita. Kila mmoja aje na maswali matano aliyotunga mwenyewe, kila swali na chanzo chake. Asiye na chanzo swali lake halijibiwi. Kundi lisilo na sharti hili hugeuka baraza la kahawa: mtu mwenye sauti kubwa ndiye mwenye jibu sahihi.

Kwenye mahojiano mambo hubadilika kidogo. Chukua swali la faida za Bwawa la Julius Nyerere. Msailiwa wa kawaida husema "litaleta umeme mwingi na kuchochea maendeleo". Kosa kubwa hapo ni kitenzi, kuliko hata ufupi. Ukisema "litaleta", umeliambia jopo kwamba maelezo yako ni ya kabla ya Februari 2024, mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha. Jibu lenye uzito linaanza na kilichopo: liko kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na wa mwisho ulikamilika Aprili 2025. Kisha unaligeuza kwa kada yako. Afisa maendeleo ya jamii atazungumzia vikundi vyenye mashine za kusaga na kuranda. Afisa mazingira atazungumzia utunzaji wa vyanzo vinavyolisha Rufiji, kwa sababu bwawa bila maji ni ukuta tu. Sentensi tatu za ukweli, mbili za kada, basi. Anayezidi hapo huanza kujirudia na jopo linaanza kutazama karatasi ya msailiwa anayefuata.

Kwa anayeomba utendaji wa kijiji au mtaa, habari za taifa ni zile zinazoishia ofisini kwake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 na kurejeshwa kuanzia mwaka wa fedha 2024/25. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, kwa hiyo mwenyekiti atakayemkuta ana ridhaa ya wapiga kura, na yeye mtendaji ni mwajiriwa. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Swali la "mwenyekiti akikataa kusoma mapato na matumizi utafanya nini" linaonekana la busara, lakini asiyejua haya hana pa kusimama.

Maadili nayo huulizwa kama habari. Kanuni nane za maadili ya utumishi wa umma zitamke kwa mpangilio: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Ukishikwa na swali la kisiasa, mojawapo ya hizo ndiyo mlango wako: eleza sheria inasema nini na chombo gani kina mamlaka, usieleze unampenda nani. Viongozi wataje kwa vyeo vyao kamili. "Mama Samia" inapendeza mtaani. Mbele ya jopo ni Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan.

Kuna jambo moja linalosumbua watu kila mara: uteuzi ukitoka jioni ya kuamkia mchujo. Karatasi ilishatungwa. Hapo angalia chaguzi zenyewe. Jina jipya likiwepo, ndilo. Lisipokuwepo, swali lilitungwa kabla, chagua aliyekuwepo na usonge mbele, usipoteze dakika tatu ukimlaumu mtunzi. Kwenye mahojiano hali ni tofauti. Taja aliyeteuliwa, na kama hajaapishwa sema hajaapishwa. Tofauti ya kuteuliwa, kuthibitishwa na kuapishwa ni swali tosha peke yake.

Maswali yenye neno ISIPOKUWA au SIYO yazungushie duara kabla ya kusoma chaguzi. Wajuzi wengi hupotea hapo kwa kuona jibu la kwanza lililo kweli na kuliwekea alama.

Usiku wa mwisho usifungue faili jipya lolote, hata likija na maneno "yaliyovuja". Fungua kurasa za penseli tu. Zinaweza kuwa kumi, kumi na mbili. Pitia safu ya mwisho, angalia taarifa za Ikulu za siku mbili tatu, rekebisha palipobadilika, kisha weka kwenye bahasha vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, ukilinganisha majina herufi kwa herufi. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi, na mlangoni hakuna atakayekuuliza riba ya Benki Kuu.